Wanga na Maji

Watu wengi hudhani ya kuwa elimu ya maumbile hukaa katika majumba maalumu, yenye vyombo vya kioo, mizani na harufu ya dawa kali, na ya kuwa asiyefika huko hana fungu katika elimu hiyo. Dhana hii ina ukweli kidogo na hasara kubwa. Ni kweli kwamba yapo mambo yasiyoweza kuchunguzwa ila kwa vyombo vya gharama. Lakini ni kweli pia ya kuwa hapana nyumba isiyokuwa na mahali pa kupikia, wala hapana jiko ambamo vitu havibadiliki hali mara nyingi kwa siku. Maji huwa mvuke, samli huganda na kuyeyuka, unga huumuka, maziwa hukatika, na sukari iliyowekwa motoni huwa kahawia na kisha nyeusi. Mtoto huyaona yote hayo kabla hajajua kusoma, na kila alionalo lina jina katika lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Jiko ni shule isiyodai ada. Kinachopungua mara nyingi ni mtu wa kumwambia mtoto ya kuwa anachokitazama ni elimu.

Miongoni mwa mambo ya jikoni yastahiliyo kutazamwa, vitu vya majimaji vina nafasi ya mbele. Maji, mafuta ya alizeti na asali vyote humiminika, lakini haviendi mwendo mmoja. Maji hukimbia, mafuta hutembea, asali hujikokota. Tofauti hiyo wataalamu huiita mnato. Isaac Newton, mwanachuoni wa Uingereza, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, alichukulia ya kuwa ukinzani wa kiowevu huongezeka kwa kadiri ya wepesi wa kukivuruga: koroga mara mbili upesi, nawe utakinzwa mara mbili. Maji huifuata kanuni hiyo, na mafuta huifuata, na asali vile vile. Asali ni nzito, lakini ni mwaminifu. Haizidi uzito kwa sababu imekorogwa kwa haraka, wala haipungui kwa sababu imekorogwa kwa upole.

Lakini katika jiko hilo hilo vimo vitu visivyotii. Sosi ya nyanya hukaa chupani kama isiyosikia, na chupa ikitikiswa kwa nguvu, sosi yote humwagika juu ya sahani. Mlenda huvutika kama uzi kutoka bakulini hadi mdomoni, na uzi huo ukikatika hujirudi, jambo ambalo maji hayaliwezi. Cha ajabu kupita vyote ni wanga mbichi uliochanganywa na maji machache ya baridi. Huo hutenda kinyume cha sosi: ukibembelezwa hulainika, ukipigwa huwa mgumu. Mtoto aliyefundishwa ya kuwa kila kitu ni yabisi, au kiowevu, au gesi, akiutia mkono wake katika mchanganyiko huo hujiuliza mwalimu wake angeuweka katika fungu lipi.

Swali la namna hiyo lilizuka likizo moja ya Desemba katika nyumba ya ghorofa huko Upanga. Upanga ni mtaa wa Dar es Salaam uliokaa baina ya bahari na Kariakoo. Ndani yake imo Hospitali ya Muhimbili, na yapo majengo ambamo watu wa asili ya Kihindi, watu wa pwani na watu wa bara hupanda ngazi moja na kujuana kwa harufu za vitunguu vyao. Katika nyumba hiyo alikaa bibi mmoja aliyefua na kupiga pasi nguo za watu kwa zaidi ya miaka 30. Mikononi mwake zilipita kanzu, vitambaa vya meza na kofia za viua, na hapakutoka kwake nguo iliyolegea. Siri yake ilikuwa kanji, yaani wanga wa kutia nguo. Hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne.

Pamoja naye walikuwapo wajukuu watatu: binti wa miaka 14 aliyemaliza kidato cha kwanza, na wadogo zake wawili wa kiume, wa miaka 10 na 7. Habari ya binti huyu ilikuwa inawasikitisha wazee wake. Alipokuwa shule ya msingi, akifundishwa kwa Kiswahili, alikuwa mwenye maswali mengi hata wenzake wakamwita Bi Maswali. Alipoingia sekondari, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, maswali yalikoma kama mvua iliyokatwa. Hakuwa amepungukiwa na akili. Alikuwa amekosa maneno, na aliyekosa maneno hudhaniwa kuwa amekosa mawazo. Ripoti ya mwisho wa mwaka ilimpa alama za chini katika Fizikia na kusema ya kuwa hashiriki darasani. Binti mwenyewe alikwisha kusema ya kuwa akifika kidato cha tatu ataliacha somo hilo, na baba yake alielekea kukubali.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na bibi alikuwa anatayarisha kanji kwa ajili ya kanzu ya kuvaliwa Ijumaa. Binti alikuwa ametumwa Kariakoo, akarudi na paketi mbili za wanga wa mahindi, ambao wauzaji huuita konflawa. Namna ya kutengeneza kanji ni hii: wanga hulainishwa kwanza kwa maji machache ya baridi, ndipo maji ya moto yaliyochemka humiminwa juu yake huku mtu akikoroga. Bibi alikwisha kufanya sehemu ya kwanza, akageuka kutazama birika. Mjukuu wa kati akachukua kijiko, akakidumbukiza bakulini, akakivuta kwa haraka. Kijiko hakikutoka, bakuli zima liliinuka pamoja nacho.

“Bibi, maji yako yameganda!” akapiga kelele.

“Hayajaganda, bwana’ngu,” bibi akajibu bila kugeuka. “Acha papara. Kivute polepole.”

Kijana akakivuta polepole, na kijiko kikatoka kama kinavyotoka katika maziwa. Akakirudisha, akakivuta tena kwa nguvu, kikakwama. Mdogo wake akaupiga uso wa bakuli kwa kiganja, akiwa amefumba macho kwa kuogopa kurukiwa na matone. Hakuna tone lililoruka. Kiganja chake kiligota kama kilichopiga ubao, na alipokitazama kilikuwa na unga kidogo tu.

Bibi akaiacha kanzu ingoje, akaja kukaa nao. Akawapa bakuli jingine, akawaambia watie vikombe viwili vya wanga, kisha kikombe kimoja cha maji, si kwa mara moja bali kidogo kidogo, mpaka mchanganyiko utiririke ukiinamishwa na ukatae ukipigwa. Walipopata kipimo, mdogo alichota gao moja, akalifinyanga upesi baina ya viganja likawa tufe jeupe, gumu, lenye umbo zuri. Akasimama kulionyesha. Mara alipoacha kulifinyanga, tufe likalegea, likapita baina ya vidole vyake na kudondokea sakafuni.

“Limekufa!” akasema.

Wote wakacheka. Bibi akanyosha mkono wake wa kuume. “Tazameni vidole hivi,” akasema. “Vina baridi yabisi. Ukivivuta kwa haraka vinakataa, ukivibembeleza vinakubali. Kanji ni mzee kama mimi, hataki kuharakishwa.”

Ndipo binti, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akauliza swali lake la kwanza katika muda wa miezi mingi. “Bibi, kwa nini kikipigwa kinakuwa kigumu?”

Bibi akafikiri. “Mke mwenzangu,” akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, “mimi najua kinavyofanya. Kwa nini kinafanya, hilo ni la shule yenu. Lakini nitakwambia nilichokiona kwa mikono yangu. Ukikipiga, maji hayapati nafasi ya kupisha.”

Jibu hilo lilistahili kuandikwa, na binti aliliandika. Akaleta daftari, akachora safu tatu: lililofanywa, lililotazamiwa, na lililotokea. Aliongeza maji kijiko kimoja kimoja, na alipofika mahali fulani ajabu ilitoweka. Mchanganyiko ukawa kama maziwa mepesi, ukarusha matone kila mahali. Akaongeza wanga, ajabu ikarudi. Aliuachia mpira mdogo uanguke juu yake kutoka kimo cha mkono, kisha akauweka mpira huo juu yake kwa upole. Wa kwanza ulidunda kidogo, wa pili ulizama. Mwisho bibi akamimina maji yaliyochemka katika bakuli lake la kwanza na kukoroga, na wanga ukageuka uji mzito ung’aao. Binti akaupiga kwa mgongo wa kijiko. Uji ulibonyea kama uji wowote. Akaandika kwa Kiswahili: “Uliopikwa umesahau.”

Sababu za mambo hayo zafahamika, ingawa wataalamu wameendelea kuzichunguza mpaka karne hii. Wanga mbichi hauyeyuki katika maji baridi. Hubaki chembe ngumu, na chembe moja ya wanga wa mahindi ina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Katika kijiko kimoja zimo mamilioni kwa mamilioni, zimekaa bega kwa bega, na maji machache baina yake. Mfano wake ni watu katika njia za soko la Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Mtu apitaye taratibu hupishwa, kwa maana kila aliye mbele yake hupata muda wa kugeuza bega. Mtu apitaye mbio humsukuma wa mbele, naye humsukuma wa mbele yake, mpaka njia nzima ikawa ukuta. Ndivyo zifanyavyo chembe za wanga. Zikisukumwa polepole, maji huteleza baina yake nazo hupishana. Zikisukumwa ghafula, hugusana, hukwaruzana na kukamatana, na msongamano huo hubeba mzigo. Nguvu ikiondoka, huachana, na kilichokuwa ukuta hurudi kuwa kiowevu. Mwaka 2012 Scott Waitukaitis na Heinrich Jaeger, wa Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, walionyesha ya kuwa fimbo ikiupiga mchanganyiko huu, chembe zilizo chini yake hukazana, na ukazo huo husonga mbele kwa haraka ukikusanya chembe nyingine njiani. Kwa sababu hiyo mtu aweza kukimbia juu ya birika lililojaa wanga na maji asizame, na akisimama huzama.

Wanga ukipikwa, habari ni nyingine. Kwa joto la nyuzi 60 au 70 hivi, chembe hunywa maji, huvimba, hupasuka na kupoteza ugumu wake. Pasipo chembe ngumu hapana msongamano. Neno la binti lilikuwa sahihi: wanga uliopikwa umesahau, kwa maana kilichokuwa kikikumbuka ni umbo la chembe, nalo limevunjika. Usahaulifu huo ndio ulioipa pwani halua, kwani halua ya Unguja na ya Omani hupikwa kwa wanga, sukari na samli, huku mpishi akikoroga bila kupumzika mpaka iwe laini na kung’aa.

Wanga una ndugu zake nje ya jiko. Mtu atembeaye ufukweni mwa Dar es Salaam wakati wa maji kupwa huona mchanga mbichi ukikauka ghafula kandokando ya unyayo wake kila akanyagapo. Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi katika mji wa Manchester, alilieleza jambo hilo mwaka 1885: chembe za mchanga zilizopangana sana haziwezi kupishana bila kutanuka kwanza, zikitanuka, nafasi baina yake huongezeka, na maji ya juu huzama kuzijaza. Ni ndugu wa wanga, si pacha wake. Lakini mtoto aliyekwisha kuuona wanga bakulini hatapita ufukweni bila kutazama miguu yake.

Hapa yafaa kusimama kidogo juu ya majina. Mwaka 1920 Eugene Bingham wa Marekani aliipa elimu ya jinsi vitu vinavyotiririka na kubadilika umbo jina la reolojia, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kutiririka. Shina la neno hilo ndilo lililomo katika jina ambalo lugha za Ulaya huyapa maradhi ya viungo. Watu wa huko waliyafikiri maradhi hayo kuwa ni majimaji yatiririkayo mwilini. Waswahili walitazama vidole vya wazee wao, wakayaita baridi yabisi, kwa sababu waliona viungo vilivyokauka na kukazana. Maradhi yalikuwa hayo hayo. Mmoja aliyatazama yanavyotiririka, mwingine yanavyokaza. Wanga na maji huzichukua tabia hizo mbili katika bakuli moja. Bibi wa Upanga, alipoulinganisha mkono wake na kanji, alikuwa amefika mahali hapo kwa njia yake mwenyewe.

Hoja inayosemwa mara nyingi ni ya kuwa Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Walioishi na lugha hii wajua ya kuwa haipungukiwi na maneno ya mambo iliyoyashika kwa mkono. Kutuama, kuchuja, kuganda, kuyeyuka, kunata, kuumuka, kutiririka, kudondoka, kuchuruzika: kila neno hapa ni uchunguzi uliofanywa na watu na kupewa jina. Ambapo neno halipo, lugha haioni haya kulichukua kwa jirani na kulivisha nguo zake. Mtaa ambamo binti alinunua wanga wake ulipata jina kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na leo hapana mtu wa Dar es Salaam anayedhani ya kuwa Kariakoo si Kiswahili. Konflawa imo katika njia hiyo hiyo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikwisha kutoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi iliyobaki ni kuyatoa maneno hayo kabatini na kuyapeleka mahali ambapo mtoto anauliza.

Wala haisemwi ya kuwa Kiingereza kiachwe. Binti yule atakihitaji, na kadiri atakavyokijua vizuri ndivyo atakavyosoma mengi zaidi. Kinachosemwa ni ya kuwa swali lazima lizaliwe kwanza, nalo huzaliwa kwa lugha ya mtu aliyeshangaa. Januari shule zilipofunguliwa, binti alilichukua daftari lake. Alingoja darasa liishe, akamwonyesha mwalimu wake wa Fizikia, akamwuliza kwa Kiswahili. Mwalimu alisoma kurasa zote akiwa amesimama, akacheka aliposoma neno la wanga kusahau, kisha akaketi naye akamwonyesha, neno kwa neno, jinsi kila safu ingeandikwa kwa Kiingereza. Hapakutokea muujiza katika alama zake. Lakini habari ya kuliacha somo haikusikika tena nyumbani, na baba yake, aliyekuwa amelisoma daftari hilo kabla ya mwalimu, hakuiuliza.

Si mara ya kwanza kwa swali la jikoni kusimama mbele ya wakubwa nchini Tanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, mkoani Tanga. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika friji. Siku moja, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyatia yangali moto, akaona ya kuwa yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa ya kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia. Mpemba alisimama akauliza swali lile lile, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaamuru jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 wakatoa makala kwa majina yao wawili katika jarida la Physics Education.

Tangu siku hizo jambo la Mpemba limebishaniwa duniani kote. Wapo waliolithibitisha kwa vipimo vyao, na wapo, kama wale waliotoa vipimo vyao Uingereza mwaka 2016, ambao hawakuliona. Ubishi huo haumpunguzii heshima. Ndio heshima yenyewe. Swali la mwanafunzi aliyeambiwa amechanganyikiwa limewapa kazi wataalamu kwa zaidi ya nusu karne. Bei ya kumcheka mtoto haijulikani siku anapochekwa.

Mzazi apendaye kuwafanyia watoto wake jaribio la wanga hahitaji zaidi ya vikombe viwili vya wanga, kikombe cha maji na sakafu isiyoogopa kuchafuka. Asimwage mchanganyiko katika bomba la sinki, kwa maana chembe zitatuama ndani yake na kuliziba. Auache bakulini mpaka maji yakae juu, ayamwage, na wanga ulio chini aukaushe juani upate kutumika siku nyingine katika nguo. Na ambaye chakula hakimtoshi asiharibu chakula: kijiko kimoja katika kisosi chaonyesha yale yale yanayoonyeshwa na birika zima.

Lililo gumu zaidi katika jaribio hili si vipimo. Mtoto atauliza kwa nini, na mzazi huenda asijue. Hapo pana majibu mawili yaliyo tayari mdomoni. La kwanza ni kumnyamazisha, nalo hukaza kama kofi juu ya wanga. La pili ni kumwambia kwa ukweli kile ambacho mkono umekiona, na kumwachia yeye kilichosalia. Yule bibi alichagua la pili, akarudi kwenye kanzu yake, kwa maana Ijumaa ilikuwa haingoji.